Alikuwa Amesimama Wapi?

Kundi letu la WhatsApp la waliomaliza sekondari pamoja hulala usingizi mzito. Huamshwa na msiba, au harusi, au mwalimu wetu wa historia. Juzi mmoja wetu aliyekuwa safarini alituma picha ya mwalimu huyo. Yule mama amekaa kwenye benchi nje ya duka huko Mackinnon Road, mkoba mweusi mapajani, miwani imeshuka puani, anamtazama mpiga picha kama anayengoja amalizie jibu lake. Aliyetuma hakuandika neno chini ya picha, na hakukuwa na haja.

Athumani, ambaye sasa ana duka la simu Ukunda, alikuwa wa kwanza. "Huyo mama aliniangusha kwa nusu alama. Sijasahau na sitasahau." Mwanasiti, muuguzi hapa Msambweni, akamjibu papo hapo: "Huyo mama ndiye aliyenifunza kuuliza. Mwenyezi Mungu amzidishie umri." Kisha Kevo, ambaye wazazi wake walikuja pwani kutoka bara na ambaye ninafanya kazi naye hoteli moja, akaandika: "Wasee, ata kwa picha bado ananitisha. Nimejipata nimekaa wima job." Hadi alasiri simu yangu ilikuwa imejaa ugomvi.

Mimi nilianza kuandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta tena. Nina sababu zangu za kumchukia na sababu zangu za kumpenda, na zote zinatoka siku moja, siku ambayo shamba la bibi yangu lilikuwa mikononi mwa maneno yake. Nitaifikia. Kwanza nataka mumjue kama tulivyomjua sisi, kwa vipande, maana hakuna kati yetu aliyemwona mzima.

Kazi yangu ni ya mapokezi hotelini Diani. Kutwa nzima nasikiliza watu wawili wakinieleza habari mbili za bomba moja linalovuja. Labda ndiyo maana mambo ya Mwalimu yananiwasha. Tangu picha ile itumwe nimekuwa nikimuuliza kila niliyesoma naye: wewe unamkumbukaje? Sijapata bado mtu aliyeniambia kwamba hamkumbuki, wala aliyesema kwamba alikuwa mwalimu wa kawaida tu.

Alikuwa na swali moja. Ukisimama darasani ukasema jambo lolote la zamani, liwe la vita, la ukoloni, la nani aliyechimba kisima cha sokoni, alikungoja umalize, akakuuliza, "Nani alikuambia?" Ukimtaja mtu huyo ukadhani umepona, hapo ndipo lilipokuja lenyewe: "Na yeye alikuwa amesimama wapi?" Kwa swali hilo tulimpachika jina la Madam Wapi. Alilijua. Siku moja kijana mmoja alilitamka kwa sauti nyuma ya mlango wa darasa, Mwalimu akachungulia akamwambia, "Hapa," kisha akaingia kufundisha.

Neno "inasemekana" alilipiga marufuku. "Inasemekana ni mtu aliyejificha," alikuwa akituambia. "Mtoeni nje tumwone." Na hakupenda tukimsomea kitabu. Alikuwa akiinua kiganja, kwa upole kabisa, na kusema, "Hicho nimekisoma. Niletee mtu." Kwa hiyo likizo zetu zilikuwa za kuzunguka kwa wazee. Wazee wa Msambweni walituchoka. Wengine wakituona tunakuja na sare mchana wa jua kali walikuwa wakiingia ndani na kuagiza tuambiwe wamelala.

Likizo moja alitupa kazi ya king'ora cha kiwanda cha sukari cha Ramisi, kile cha zamani. Tulitakiwa kuuliza kililia saa gani na watu walifanya nini kikilia. Athumani ni mtoto wa Ramisi na babu yake alikuwa mkata miwa, kwa hiyo alirudi shuleni kifua mbele. Akasimama akatangaza kwamba Ijumaa mchana king'ora hakikuwa kikilia, kwa heshima ya swala. Mwanasiti naye akainua mkono. Bibi yake alikuwa akipika uji wa kuuza karibu na lango la kiwanda, na alikuwa amemwapia kwamba king'ora kililia kila siku ya Mungu, Ijumaa ikiwemo.

Hapo Mwalimu alifurahi. Hakuna jambo lililomfurahisha kama mashahidi wawili wasioelewana. Alivuta kiti, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akakaa.

"Athumani, babu yako Ijumaa mchana alikuwa amesimama wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi hujaleta kitu. Kaa."

Akamwekea sifuri, mbele yetu sote. Athumani alirudi Ramisi kwa hasira wikendi ile na kumweleza babu yake alivyoaibishwa. Mzee naye akapandwa na hasira zake mwenyewe. Akasema, "Kamwambie mwalimu wako kwamba Ijumaa mchana nilikuwa nimesimama mbele ya Mola wangu, na mtu akiwa hapo hasikii ving'ora." Athumani akauleta ujumbe ule Jumatatu kama ulivyo, bila kupunguza neno, kwa nia ya kumkomoa.

Mwalimu akavua miwani. "Hilo sasa ni jibu," akasema, akaifuta ile sifuri na kumpa alama zote. Kisha akatugeuzia mgongo na kuanza kuandika ubaoni. Kama alicheka au hakucheka, hilo tunabishania mpaka leo. Athumani anashikilia kwamba hakucheka. Mwanasiti anasema aliona mabega yakitikisika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na dirisha, na nilichoona ni kwamba chaki ilikatika.

Hiyo nusu alama ya Athumani nayo ina hadithi yake, na ameisimulia mara nyingi hata mkewe anaijua. Mwisho wa muhula mmoja alikosa gredi aliyoitaka kwa nusu alama. Akaenda chumba cha walimu na karatasi yake, amefuatana na marafiki wa kumwombea, mimi nikiwa mmoja wao. Mwalimu hakutufukuza. Alisoma jibu lote upya, taratibu, kidole kikifuata mistari, hata tukaanza kuwa na matumaini. Alipomaliza akamrudishia karatasi.

"Ni sawa nilivyosahihisha."

"Mwalimu, ni nusu tu," Athumani akasema. "Hata nusu hunipi?"

"Nusu kwangu haipo. Ama umeleta ama hujaleta."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa muhula tu, haukwenda popote, lakini ukimsikiliza Athumani utadhani alifukuzwa nchini. Juzi nilipopita dukani kwake kubadilisha kioo cha simu nilimuuliza kama bado ana uchungu. Aliendelea na bisibisi yake kwanza. "Dada, mimi sina neno na alama," akaniambia. "Neno langu ni kwamba alituona tunalia, na hakutikisika. Yule hana moyo. Ana rula." Nikamuuliza nani alilia, maana sikumbuki machozi. Akaniambia nimeanza kuwa kama yeye.

Lakini huyo asiyetikisika alikuwa na mambo yake. Yeye ni Mkristo, mtu wa nchi kavu ya kule juu, na sisi wengi darasani tulikuwa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani hakuwahi kunywa maji mbele yetu. Hakutuambia, na sisi hatukumwomba. Chupa yake ilipotea mezani mwezi mzima ikarudi baada ya Idi. Tukaliona hilo tukaguswa, kisha akatupa kazi mara mbili ya ile ya miezi mingine, kwa hoja kwamba hatupotezi tena muda wa chakula cha mchana. Kevo, ambaye hakuwa akifunga, alilalamika kwamba anaadhibiwa kwa dini isiyokuwa yake.

Sokoni alikuwa mtu mwingine. Huyu aliyetubana darasani hadi tukakosa pumzi hakujua kabisa kuvutana bei. Wavuvi walimpenda. Alikuwa akiinama juu ya samaki changu akauliza amevuliwa wapi, upande gani wa mwamba, na nani alikuwa chomboni. Akishajibiwa alilipa alichoambiwa na kwenda zake. Mama yangu alikuwa akimwonea huruma. Nadhani Mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha pata alichokuja kukinunua.

Alikodi nyumba ndogo iliyopakana na shamba letu, na alifuga mbuzi, ugonjwa aliotoka nao kwao. Mbuzi hao waliugundua muhogo wa bibi yangu. Asubuhi moja Bibi alimfuata hadi mlangoni, kanga kiunoni, sauti juu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiomba ardhi inimeze, maana saa mbili baadaye ningekuwa darasani kwake.

"Mwalimu, mbuzi zako zimenimalizia muhogo."

"Pole sana, Bibi. Uliwaona?"

"Sikuwaona. Nimeyaona mavi yao."

Mwalimu akafikiri. "Hapo sina la kusema," akasema, na akaomba radhi. Tangu siku ile tuliletewa maziwa kila alipokamua, na Bibi akawa akimsifu njia nzima kwamba ni mwanamke mwenye akili za kiume. Ndivyo walivyoanza ujirani wao. Mwalimu alipopita kuchota maji kisimani kwetu alisimama uani kwanza, hata kama mlango uko wazi na Bibi anamwona, akasubiri aambiwe karibu.

Nimeeleza ujirani huu kwa sababu ndio uliotufikisha kwenye siku ile.

Nilipokuwa kidato cha pili, mdogo wangu wa kiume, mtoto wa kunyonya, aliugua homa na kufariki. Alizikwa siku hiyo hiyo, pembeni mwa shamba, kwenye minazi, karibu na babu. Mwalimu alikuja kabla ya maziko kutupa mkono wa pole. Akasimama uani na wanawake, kitambaa kichwani. Mimi pia nilikuwa uani.

Miaka ikapita, nikamaliza shule, nikapata kazi. Ndipo akajitokeza mtu kutoka upande wa Ukunda na karatasi mkononi, akidai amenunua kipande kile chote, kisima na minazi ndani yake. Kwa madai yake lilikuwa pori tupu wakati anauziwa, hakuna mtu, na sisi tuliingia baadaye tuliposikia barabara inakuja. Yale mawe ya makaburi, alisema, ni kifusi. Bibi alipoambiwa neno hilo, kifusi, hakula siku ile. Alikaa kwenye kizingiti akiitazama minazi. "Wakinitoa hapa," akasema, "nani atawafagilia?" Alikuwa na maana ya babu na yule mtoto, maana kila Shaabani yeye ndiye aliyesafisha pale.

Kikao cha kusikiliza kesi kikapangwa ofisini kwa chifu, aje afisa wa ardhi. Baba akaanza kutafuta mashahidi, na hapa ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo ni wetu tu wangelifanya. Kwetu jirani akikujia na shida, akakaa, akanywa chai yako, akakuomba umsemee jambo, huna uso wa kumwambia sikuliona. Ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Baba alipowauliza majirani kama wanakumbuka babu alivyopanda ile minazi, kila mmoja alimwambia, tena kwa kiapo, kwamba alikuwepo. Baba akarudi nyumbani moyo umetulia. Mwisho akaenda kwa Mwalimu, kwa sababu neno la mwalimu lina uzito, tena si ndugu wala si wa dini yetu.

"Nitasema nilichokiona," Mwalimu alimjibu.

Baba alilipokea kama ahadi. Mimi aliponisimulia sikuisikia ahadi yoyote, kwa sababu nilikaa darasani kwake miaka minne.

Siku ya kikao ofisi ilijaa hadi madirishani. Afisa alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye Kiswahili cha shuleni. Baba akasimama akasema kwamba kwa macho yake mawili alimwona marehemu mzee akipanda mnazi wa kwanza. Jirani wa kwanza akasimama: kwa macho yake mawili alimwona marehemu mzee akipanda mnazi wa kwanza. Wa pili hivyo hivyo, neno kwa neno. Nikafumba macho. Mwalimu alikuwa ametufunza kwamba mashahidi wakisema maneno mamoja, huyo ni shahidi mmoja aliyebadilisha mashati. Afisa akamtazama yule jirani wa pili, mtu wa makamo, ndevu nyeusi, kisha akauliza kwa adabu mnazi ule una umri gani. Akaambiwa. Akamuuliza na yeye umri wake. Mnazi ulikuwa mkubwa kuliko shahidi.

Watu walicheka, na yule mwenye karatasi alicheka kuliko wote. Bibi hakucheka. Alikuwa amekaa mbele, mikono imeshikana, na mimi nikaona kwamba shamba linatutoka kwa sababu ya wema wa watu.

Mwalimu akaitwa. Akasimama na mkoba wake mkononi.

"Mwalimu, ulimwona mzee akipanda minazi hii?"

"Hapana. Nilipohamia hapa minazi ilikuwa tayari inazaa."

Nikasikia watu wakivuta pumzi. Baba aliinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa Kidigo neno ambalo sitalirudia.

"Na huyu mtoto anayedaiwa kuzikwa pale, ulimwona akizikwa?"

"Hapana."

Afisa akaweka kalamu chini. Nadhani alimhurumia Bibi. Kisha akauliza, bila kujua anauliza nini, "Kwani wewe siku hiyo ulikuwa umesimama wapi?"

Wale wachache tuliosoma kwake tulitazamana. Hatukuwahi kumsikia mtu akimuuliza yeye.

"Uani, pamoja na wanawake," Mwalimu akajibu. "Kwa desturi ya hapa wanawake hawaendi kaburini. Na kutoka uani kaburi halionekani, jiko limeziba. Kinachoonekana ni njia. Nilimwona baba wa mtoto akipita njia ile na mtoto mikononi, amefunikwa kanga. Njia ile haitokei popote, inaishia kwenye ukuta wa mawe wa shamba la pili. Baada ya muda nilimwona akirudi kwa njia ile ile. Mikono ilikuwa mitupu. Alikuwa hajui pa kuiweka. Dada wa mtoto alikuwa mwanafunzi wangu, kidato cha pili. Mwaka ule mnaweza kuuliza shuleni. Hilo ndilo nililoliona, na sina lingine."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Baba. Tangu siku ya mazishi yale hakuwahi kumtaja mtoto yule, hata jina. Alikuwa ameifungua mikono yake juu ya magoti na anaiangalia. Bibi akanyoosha mkono wake akaufunika mmoja wa mikono ile, na wakakaa hivyo hadi kikao kikafungwa.

Afisa alikuja shambani mchana ule ule. Alisimama uani petu, mahali alipoonyeshwa, akatazama, akaifuata njia hadi ikaishia ukutani, akarudi. Mwaka wa msiba akauulizia shuleni, akaulinganisha na tarehe ya ile karatasi, na mtoto alikuwa amelala pale kabla ya pori tupu kuuzwa. Dai la yule bwana likatupiliwa mbali. Bibi yuko pale mpaka leo, na bado anafagia.

Mtu angedhani baada ya hapo kijiji kizima kilimpenda Mwalimu. La. Wale majirani hawakumsamehe, kwa sababu aliwaacha waonekane waongo. Mwanasiti anaitumia hadithi hii kwa wauguzi wapya. Athumani anaitumia pia, kuthibitisha la kwake. "Alikuwa tayari bibi yako atolewe," aliniambia pale dukani. "Ilitokea tu kwa bahati kwamba ukweli wake uliwafaa." Hilo ndilo lililokuwa likinikera hata mimi miaka yote. Alisema "hapana" mara mbili mbele ya bibi aliyempa maji, na sauti haikutetemeka. Nilitaka kujua kulikuwa na nini nyuma ya sauti ile.

Kwa hiyo siku yangu ya mapumziko nikaenda Mackinnon Road.

Haikuwa kazi kumpata. Kule alikohamia alipostaafu kila mtu anamjua kwa mbuzi wake. Nyumba yake iko ng'ambo ya reli, mbali kidogo na malori yanayoegeshwa kandokando ya barabara kuu. Nilimkuta amekaa kivulini pa ukuta, anachambua kunde kwenye ungo. Amepungua mwili. Mkoba mweusi ulikuwa kando yake, sijui kwa safari gani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwanajuma. Umechelewa."

Nikacheka, yeye hakucheka, au labda alicheka akiwa ameinamia ungo. Akaniuliza habari za Bibi, za Baba, za kisima. Nikampa salamu na samaki wa kukaanga niliotumwa nao, akauliza wamevuliwa upande gani, sikujua, akatikisa kichwa. Nikamweleza ugomvi wa kundi letu. Alisikiliza kwa makini sana, akitaka kujua nani alisema nini, na alionekana kuufurahia kwa sababu haukuwa umekwisha.

Kisha nikamuuliza nililolijia. "Mwalimu, siku ile kwa chifu, ulijua kwamba maneno yako yatatusaidia?"

"Sikujua."

"Na kama yangetupotezea shamba?"

"Yangewapotezea." Akatoa kijiwe kwenye kunde akakitupa. "Ningekuja kumsaidia bibi yako kubeba vyombo. Nilikuwa nimeshafikiria hilo usiku wake. Nilitaka kumkaribisha kwangu, ila sikujua kama atakubali kukaa na mbuzi."

Jibu hilo lilinifaa na halikunifaa. Lori likapita barabarani likatuzibia maneno, na vumbi lilipotulia yeye ndiye aliyeuliza.

"Na wewe siku ya mazishi ulikuwa umesimama wapi? Sikuwahi kukuuliza."

"Mbele yako, Mwalimu. Ulikuwa umenishika mabega, kwa mikono yote miwili. Tangu Baba alipopita hadi aliporudi. Nilitaka kumkimbilia nikashindwa, kwa sababu hukuniachilia, na baadaye nikaona ni wewe uliyekuwa umenisimamisha. Ningeanguka."

Akaacha kuchambua. Aliitazama mikono yake juu ya ungo, akaigeuza, kana kwamba anaitafutia alama.

"Hilo silikumbuki," akasema.

"Mimi nalikumbuka."

"Kuna mwingine aliyeona?"

"Nilikuwa natazama njiani. Aliyekuwa nyuma yetu simjui."

Akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama siku ile ya karatasi ya Athumani, na mimi nikajikuta nimekaa wima kwenye kigoda, mtu mzima na kazi yangu.

"Shahidi mmoja," akasema mwishowe. "Tena ni mtu wa msiba wenyewe." Akashusha miwani, akanitazama juu yake, na macho yake yalikuwa yamelowa, hilo nililiona mwenyewe, nilikuwa nimekaa mkabala naye. "Haya, Mwanajuma. Nakupa nusu."

Athumani bado sijamwambia.